Sarafu za Enzi Isiyokuja

Katika nusu ya pili ya mwaka 1861, mafundi wa karakana za sarafu mjini Beijing walitengeneza fedha kwa jina la enzi ambayo ilikuwa haijaanza, na ambayo haikuja kuanza kamwe. Usoni mwa kila sarafu palikuwa na herufi nne za Kichina zinazosomeka Qixiang Tongbao, zimelizunguka tundu la mraba kwa mpangilio uliokuwa desturi tangu karne ya 7, na mgongoni palikuwa na maandishi ya Kimanchu yanayoitaja karakana iliyohusika. Madini yake yalikuwa shaba ya manjano, mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, uleule uliotumika kwa sarafu za kawaida zilizopita mikononi mwa wachuuzi na wapagazi wa nchi nzima. Hakuna kilichoitenga sarafu hiyo na wenzake isipokuwa herufi mbili za jina la enzi. Leo moja iliyo halali hugombaniwa katika minada, ilhali sarafu ya kawaida ya enzi ya Qianlong, iliyoitangulia kwa karne nzima, hupatikana kwa dola moja au mbili, na muuzaji huona amefanya biashara.

Wengi wanaoanza kukusanya sarafu, na wengi zaidi wanaoziuza mtandaoni, huamini kwamba kitu kikiwa cha kale basi ni adimu, na kikiwa adimu basi ni ghali. Kwa sarafu za China imani hiyo haina mashiko. Sarafu ya shaba ya China huwa adimu kwa sababu mtu mwenye mamlaka alitoa amri, au aliifuta, au aliondolewa kabla amri yake haijatekelezwa. Na asiyeijua habari ya amri hiyo hawezi kuujua uadimu wenyewe, hata kama sarafu iko kiganjani mwake. Umri hausaidii kitu. Nasaba ya Song Kaskazini, iliyoanguka mwaka 1127, iliacha sarafu nyingi kiasi kwamba hata leo, karne tisa baadaye, bado zinauzwa kwa mafungu.

Ili kuelewa jambo hili ni lazima kwanza kuingia ndani ya karakana. Sarafu nyingi za dunia, zikiwemo zile ndogo za masultani wa Kilwa, ziligongwa: kipande cha madini kiliwekwa kati ya mihuri miwili, kikapigwa nyundo. Wachina kwa zaidi ya miaka 2,000 waliendelea kusubu, yaani kumimina madini yaliyoyeyuka ndani ya kalibu. Mwaka 1637, miaka saba kabla ya nasaba ya Ming kuanguka, msomi Song Yingxing alichapisha kitabu cha ufundi ambamo kazi hiyo imeelezwa hatua kwa hatua. Fremu ya mbao hujazwa udongo laini na unga wa makaa, vielelezo vya sarafu vipatavyo mia moja hupangwa juu yake, fremu ya pili hukandamizwa juu ya ile ya kwanza, kisha zote mbili hugeuzwa na vielelezo huondolewa, vikiacha alama zake pande zote mbili. Fremu zaidi ya kumi hufungwa pamoja na shaba ya moto humiminwa katika mifereji iliyoachwa kati yake. Kinachotoka ni mti wa shaba wenye sarafu zilizoshikamana na matawi. Sarafu hukatwa moja moja, hutungwa kwa mamia kwenye ufito, na kingo zake hupigwa tupa kwa pamoja kabla ya kila uso kusawazishwa peke yake. Hapo tundu la mraba linaonyesha kazi yake, kwa kuwa sarafu iliyotungwa katika ufito wa pembe nne haizunguki wakati tupa inapopita.

Song Yingxing anaeleza pia mchanganyiko. Shaba nyekundu ilikuwa sehemu sita au saba katika kumi, zinki ikawa sehemu tatu au nne, na robo ya zinki hiyo ilipotea kila ilipokutana na moto mkali. Sababu yake inajulikana: zinki huchemka na kuwa mvuke kwenye nyuzi joto 907, ilhali shaba nyekundu haiyeyuki mpaka nyuzi 1,085. Ndiyo maana zinki tupu ilichelewa sana kupatikana kuliko madini mengine ya karakana. Ilibidi mvuke wake unaswe ndani ya vyungu vilivyofunikwa, upozwe, ugande. Ufundi huo ulikomaa China katika zama za Ming, na sarafu za shaba ya manjano zikaanza kuchukua nafasi chini ya Mfalme Jiajing, ambaye enzi yake ilidumu kuanzia mwaka 1522 hadi 1566. Kabla ya hapo sarafu zilikuwa za bronzi, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na madini ya bati na risasi. Msomaji aushike mpaka huo wa karne ya 16, kwa maana utamfaa tutakapofika kwa waghushi.

Chini ya nasaba ya Qing, iliyotawala tangu mwaka 1644, kazi hii ilifikia ukubwa ambao ni vigumu kuufikiria. Beijing ilikuwa na karakana mbili, moja ya Wizara ya Mapato na nyingine ya Wizara ya Ujenzi, na mikoa ilikuwa na za kwake. Katika karne ya 18 migodi ya Yunnan, kusini-magharibi kabisa mwa nchi, ilipeleka Beijing kila mwaka zaidi ya jin milioni 6 za shaba nyekundu, yaani zaidi ya tani 3,500, kwa safari ya wanyama wa mizigo, kisha mashua za mto Yangtze, kisha Mfereji Mkuu. Mwaka 1740 serikali iliamuru mchanganyiko uongezwe madini ya bati: shaba nyekundu asilimia 50, zinki 41.5, risasi 6.5 na bati 2. Lengo halikuwa uzuri. Watu walikuwa wakiyeyusha sarafu ili kutengeneza vyombo vya nyumbani, kwa sababu shaba iliyomo ilikuwa na thamani kuliko fedha yenyewe, na wataalamu wa serikali waliamini kwamba bati kidogo lingeifanya shaba hiyo iwe ngumu na yenye kuvunjika inapofuliwa. Huu ni mfano mzuri wa namna sarafu zinavyopungua duniani. Hazipotei kwa uzee bali huyeyushwa, ama na mfua shaba anayetafuta faida, ama na karakana mpya inayotaka kuandika jina la mfalme mpya.

Ndani ya mfumo huo uliozalisha sarafu kwa mamilioni kulikuwa na sarafu ambazo hazikukusudiwa kutoka nje ya mlango wa karakana. Fundi mchongaji alichonga kwa mkono sarafu moja ya shaba safi. Kutokana na hiyo zilisubiwa sarafu mama, ambazo ziligawiwa kwa karakana na kutumika kukandamizia kalibu za mchanga. Shaba husinyaa inapopoa, kwa hiyo kila kizazi huwa kidogo kuliko kilichokizaa: sarafu mama ni pana kidogo kuliko binti zake, herufi zake zimesimama wima na zina makali, na uwanja kati ya herufi na ukingo ni safi kwa kuwa ulitengenezwa kwa uangalifu ambao haungewezekana kwa mamilioni. Jina ni lilelile, mfalme ni yuleyule, karakana ni ileile, lakini sarafu mama inaweza kuuzwa kwa mamia ya mara ya bei ya sarafu ya kawaida, na ile iliyochongwa kwa mkono huuzwa kwa zaidi ya hapo. Kwa maoni yangu uadimu wa aina hii ndio wenye haki kuliko wote, kwa sababu unaweza kuonekana kwa jicho na kupimwa kwa rula, wala hauhitaji hadithi.

Uadimu wa Qixiang ni wa namna nyingine, nao unahitaji kisa chake kisimuliwe kikamilifu.

Mfalme Xianfeng alifariki tarehe 22 Agosti 1861 katika kasri la Rehe, kaskazini-mashariki ya Beijing, alikokimbilia mwaka uliotangulia wakati majeshi ya Uingereza na Ufaransa yalipokuwa yakiukaribia mji mkuu. Mrithi wake alikuwa mtoto wa miaka mitano. Watu wanane walitangazwa kuwa wasii wa mtoto huyo, na mwenye nguvu kuliko wote miongoni mwao alikuwa Sushun, mtu mkali, aliyewahi kuiongoza Wizara ya Mapato, ileile iliyomiliki karakana kubwa ya Beijing. Wasii ndio waliolichagua jina Qixiang, lenye maana ya heri na baraka, liwe jina la enzi mpya. Kwa desturi jina la enzi halikuanza kuhesabiwa siku mfalme alipofariki. Lilisubiri mwaka mpya wa kalenda ya mwezi, ambao ungeanguka mwishoni mwa Januari 1862. Karakana, hata hivyo, haziwezi kungoja siku ya mwaka mpya ndipo zianze kuchonga. Vielelezo vilihitajika mapema, vipitishwe, vipelekwe mikoani, na mchanga ukandamizwe. Kazi ikaanza.

Wakati mafundi wakiendelea, mamlaka yalikuwa yakiwatoka wasii polepole. Mama mzazi wa mfalme mtoto, Cixi, pamoja na mjane mkuu Ci'an, walikuwa wamekwisha kuelewana na Mwanamfalme Gong, ndugu wa marehemu, aliyebaki Beijing kuzungumza na Wazungu. Msafara uliporejea mji mkuu mwanzoni mwa Novemba, wasii walikamatwa. Sushun, aliyekuwa nyuma akilisindikiza jeneza la mfalme, alikamatwa njiani, na tarehe 8 Novemba alikatwa kichwa hadharani. Wenzake wawili, Zaiyuan na Duanhua, kwa kuwa walikuwa wana wa ukoo wa kifalme, walipewa heshima ya kujiua wenyewe. Jina la Qixiang lilifutwa, na Tongzhi likashika nafasi yake. Karakana zikasimama, zikachonga upya.

Kilichobaki ni sarafu kidogo za thamani ya moja na zile kubwa za thamani ya kumi, zilizotoka Beijing na katika karakana chache za mikoani ambako kielelezo kilifika kabla ya habari za mapinduzi. Sarafu hizo zina jambo ambalo wauzaji hulisahau wanapotaja bei. Katika dola ambayo kila hati ya utawala ilitoka kwa jina la mfalme, hivi ni miongoni mwa vitu vichache sana vya kushikika vilivyotolewa na serikali ya wasii wanane, serikali ambayo haikumaliza hata miezi mitatu. Kumbukumbu zilizoandikwa baadaye ziliandikwa na washindi, na Sushun anaonekana humo kama msaliti tu. Sarafu haina upande: inaonyesha kwamba serikali yake ilifanya kazi ya kawaida ya serikali, ikiwemo ile ya kuchosha ya kuandaa fedha ya mwaka unaofuata.

Mtu anaweza kudhani basi kwamba enzi fupi siku zote huzaa sarafu adimu, na wauzaji wengi hutaka tuamini hivyo. Mfano wa Taichang unaipinga kanuni hiyo. Mfalme Taichang wa nasaba ya Ming alitawala mwezi mmoja tu mwaka 1620, akafariki ghafla baada ya kumeza dawa ambazo hadi leo zinazua mjadala. Kwa mantiki ya sokoni sarafu yake ingepaswa kuwa nadra kama ya Qixiang. Lakini mwanawe, Mfalme Tianqi, aliagiza sarafu zenye jina la baba yake zisubiwe katika enzi yake mwenyewe kwa heshima ya marehemu, na kwa sababu hiyo Taichang Tongbao hupatikana bila taabu. Mfalme aliyetawala mwezi mmoja ana sarafu nyingi kwa kuwa mrithi wake alimpenda, au alitaka aonekane amempenda. Enzi ya Qixiang haina kwa kuwa waliofuata walitaka isahaulike. Muda hauamui chochote hapa.

Sarafu kubwa za Mfalme Xianfeng zinatufundisha jambo la tatu, nalo linahusu umaskini wa dola. Machi 1853 waasi wa Taiping waliiteka Nanjing, njia za mto zikakatika, na shaba ya Yunnan haikuweza tena kufika Beijing. Serikali iliyokuwa na vita vya kugharimia na haina madini ilifanya kile ambacho serikali nyingi zimefanya kabla na baada yake: iliandika thamani kubwa juu ya madini kidogo. Zilitokea sarafu za thamani ya 10, 50, 100, 500 na 1,000. Zile za 500 na 1,000 zilisubiwa kwa shaba nyekundu, na zile za 100 kushuka chini kwa shaba ya manjano. Tuiangalie ile ya 100. Uzito wake rasmi mwanzoni ulikuwa liang moja na qian nne (liang moja ni qian kumi), karibu gramu 52, ambao ni sawa na sarafu ndogo 14 za qian moja. Maana yake ni kwamba mtu akiyeyusha sarafu 14 za kawaida na kusubu sarafu moja kubwa, anapata fedha ya 100 mkononi. Haihitaji akili nyingi kujua nini kilitokea. Kalibu za mchanga zilikuwa teknolojia ambayo kila mfua shaba aliimudu, na sarafu za kughushi zikafurika. Wenye maduka wakazikataa au wakazipokea kwa sehemu ndogo ya thamani iliyoandikwa. Mwaka 1854 zile za 500 na 1,000 ziliachwa, na kati ya hizo nyingine ni ile ya 10 iliyoendelea kushikilia Beijing, nayo kwa thamani iliyoshuka vibaya.

Leo sarafu hizi ndizo kipenzi cha wakusanyaji, na ni kweli kwamba baadhi yake zina mwandiko mzuri. Adimu zaidi ni zile za karakana ambazo zilisubu kidogo kabla amri haijafutwa, pamoja na vielelezo vya thamani ambazo hazikuingia sokoni kabisa. Nakiri kwamba bei zake hunishangaza kidogo. Sarafu ambazo muuza mboga wa Beijing alizikataa kwa hasira, kwa kuwa zilikuwa udanganyifu wa serikali yake, sasa zinatafutwa na matajiri kwa sababu ileile ya kukataliwa kwao: zilirudishwa, zikayeyushwa, zikapungua. Soko la mambo ya kale halina kumbukumbu ya aliyeumizwa.

Palipo na hadithi tamu, uadimu huweza kubuniwa pasipokuwepo. Sarafu iitwayo ya Luohan ni Kangxi Tongbao ya Mfalme Kangxi wa nasaba ya Qing, iliyosubiwa Beijing mwaka 1713 kwa ajili ya sherehe ya mfalme huyo kutimiza miaka 60, nayo hutambulika kwa herufi moja ya jina iliyopunguzwa mstari wa kushoto. Watu walieneza kwamba sanamu za dhahabu za wafuasi watakatifu wa Budha ziliyeyushwa ndani yake, na wengine walizifanya pete za harusi. Ni shaba ya manjano, iliyosafishwa vizuri tu. Wala si adimu.

Biashara ya kughushi hufuata hadithi. Kwa kuwa Qixiang hutofautiana na sarafu nyingine kwa herufi mbili tu, mghushi wa zamani alichukua sarafu halali ya enzi nyingine ya Qing, akakwangua herufi, akachonga au kubandika nyingine, na kuifunika kazi yake kwa kutu ya kijani iliyopikwa kwa kemikali. Mghushi wa leo husubu nzima, tena kwa mashine. Wakaguzi wazoefu huanzia mahali ambapo macho ya mnunuzi hayaendi: ndani ya tundu na kwenye ukingo. Sarafu iliyotungwa kwenye ufito na kupigwa tupa pamoja na mamia ya wenzake ina mikwaruzo inayokwenda upande mmoja. Iliyotengenezwa peke yake ina mikwaruzo ya kila upande, au haina kabisa. Kutu halisi imekula ndani ya shaba. Ya kupaka hukaa juu na hutoka kwa maji moto au kwa ncha ya sindano. Herufi zilizobandikwa zina mstari mwembamba wa kivuli pale zinapokutana na uwanja, na chini ya kioo cha kukuzia mstari huo huonekana ukiendelea kuizunguka herufi nzima.

Hapa ndipo ule mpaka wa karne ya 16 unapoleta faida. Sarafu ikidaiwa kuwa ya Song au ya Yongle, enzi ya Ming ya mwanzoni mwa karne ya 15, na kipimo cha miale ya eksirei kikionyesha kwamba zinki ni theluthi moja ya madini yake, hakuna haja ya kubishana kuhusu mwandiko. Chembe za zinki zinaweza kuingia kwa bahati pamoja na mawe ya madini, lakini theluthi moja haiingii kwa bahati. Kinyume chake, kwa Qixiang kipimo hicho hakimsaidii mnunuzi sana, kwa maana mghushi wa sasa hununua shaba ya manjano dukani, au huyeyusha sarafu za kawaida za Qing ambazo, kama nilivyosema, bei yake ni ya chini. Kwa hiyo sarafu za shaba ya manjano zilizo adimu zaidi ndizo ambazo maabara huzitetea kwa shida zaidi, na hapo kilichobaki cha kutegemewa ni historia ya sarafu yenyewe: ilitoka wapi, ilipita kwa nani, ilichapishwa lini kwa mara ya kwanza.

Kwamba uadimu mwingine si chochote ila kutojua kwetu, mto Min katika mkoa wa Sichuan umetuthibitishia. Zhang Xianzhong, kiongozi wa waasi aliyejitangaza mfalme mjini Chengdu mwaka 1644, alitoa sarafu za kuwatunza askari wake, zenye herufi nne za Xiwang Shanggong, kwa dhahabu, fedha na shaba. Kwa kuwa zilikuwa tuzo, hazikuzunguka sokoni, na kwa muda mrefu zilizojulikana zilikuwa za kuhesabika. Mwaka 1646 msafara wake wa mashua zilizojaa hazina ulishambuliwa na kuzama Jiangkou, katika wilaya ya Pengshan. Wazee wa huko walikuwa na hadithi za hazina hiyo, na wanazuoni walizichukulia kama hadithi. Wezi waliokuwa wakipiga mbizi usiku ndio waliozichukulia kwa uzito kwanza, na ni baada ya polisi kuwakamata ndipo wanaakiolojia walipozungushia ukuta sehemu ya mto wakati wa msimu wa maji machache, wakayanyonya maji na kuchimba. Msimu wa kwanza, mwaka 2017, ulitoa vitu zaidi ya 30,000, na ndani yake zilikuwemo Xiwang Shanggong za dhahabu na za fedha. Orodha za uadimu zilizokuwa zikinukuliwa kwa miongo ikabidi ziandikwe upya. Jambo la kusikitisha ni kwamba zile zilizotangulia kutolewa na wezi zilikwisha kutenganishwa na mahali pake, na hakuna awezaye tena kusema zilikaa karibu na nini chini ya mchanga.

Pwani ya Afrika Mashariki ina sehemu yake katika suala hili, ingawa sarafu za China zilizochimbuliwa huko na kujulikana zaidi ni za bronzi, za zama zilizotangulia shaba ya manjano. Mwaka 2010 timu ya wataalamu wa China na Kenya waliokuwa wakichimba Mambrui, kaskazini mwa Malindi, walipata Yongle Tongbao. Mwaka 2013 ikatangazwa nyingine ya aina hiyo kutoka kisiwa cha Manda, karibu na Lamu, iliyopatikana na timu ya Chapurukha Kusimba na Sloan Williams. Magazeti yalikimbilia jina la Zheng He, ambaye safari zake za baharini zilifanyika kati ya mwaka 1405 na 1433, kana kwamba jemadari huyo aliidondosha sarafu hiyo mwenyewe akishuka mashuani. Haraka hiyo haikuwa na sababu. Yongle Tongbao ilianza kusubiwa mwaka 1408, ilipelekwa nje ya China kwa wingi sana, ilitumika Japani kwa vizazi kadhaa, na ingeweza kufika Manda kupitia mikono ya wafanyabiashara wa Kihindi au wa Ghuba miaka mingi baada ya kutoka kalibuni. Sarafu moja hutuambia mwaka ambao kabla yake tabaka la udongo halikuwekwa. Haituambii nani aliibeba. Pamoja na vipande vya kauri katika tabaka hilohilo huanza kusema mengi zaidi.

Mnadani sarafu hizo mbili hazina hadhi yoyote. Yongle Tongbao ya kawaida huuzwa kwa dola chache, na mkusanyaji wa Shanghai anayetafuta Qixiang asingeigeuza mara mbili. Ni hivyohivyo kwa sarafu 176 za Kajengwa, karibu na Makunduchi, kusini mwa Unguja, zilizotoka katika akiba moja iliyofukuliwa mwaka 1945, nyingi zikiwa za nasaba ya Song. Kwa orodha za bei ni sarafu za daraja la chini kabisa. Lakini zilipatikana pamoja na zikaandikwa pamoja, na kwa hiyo mtafiti anaweza kuuliza ni enzi zipi zimo na zipi hazimo, ni ipi iliyo changa kuliko zote na kwa hiyo akiba haikufukiwa kabla ya lini, na kama mchanganyiko wake unafanana na fedha iliyokuwa ikizunguka katika bandari za kusini mwa China au na ile iliyokusanywa njiani kwa muda mrefu. Laiti zingeuzwa moja moja siku zilipoonekana, kila mnunuzi angekuwa na sarafu ya Song yenye kutu ya kijani, na Kajengwa isingekuwa na habari yoyote ya kusimuliwa.